Kutoka Sahani ya Koi Pla hadi Jeni ya TP53

Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, wakulima wa mpunga wana kitoweo chao cha tangu jadi, koi pla: samaki mbichi wa mtoni, hukatwakatwa, hukamuliwa ndimu, hutiwa pilipili, kisha huliwa kwa wali wa kunata. Ni Isan hiyo hiyo inayoongoza duniani kwa kiwango cha saratani ya mirija ya nyongo.

Ndani ya samaki hao hujificha mabuu ya mnyoo wa ini, Opisthorchis viverrini, ambaye huingia kwenye mirija ya nyongo akaishi humo miaka mingi. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimtangaza kuwa kisababishi cha saratani. Lakini mnyoo huiharibuje seli?

Jibu lilianza kupatikana mbali na hapo. Mwaka 1971 Alfred Knudson, akiwa Houston, Marekani, alichambua wagonjwa 48 wa saratani ya jicho ya watoto, akasema ugonjwa huhitaji mapigo mawili. Baadaye ikaeleweka kwa nini: jeni inayozuia uvimbe tunayo kwa nakala mbili, ya baba na ya mama. Ikiharibika moja, ya pili hushika zamu. Zikiharibika zote, seli huzaana bila kizuizi.

Jeni moja ya aina hiyo ni TP53, inayounda protini ya p53. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1979, ikadhaniwa kwa miaka kumi kuwa inachochea saratani. Mwaka 1989 maabara ya Bert Vogelstein, Baltimore, ilionyesha kinyume chake. DNA ikijeruhiwa, p53 huisimamisha seli ijirekebishe, au huiamuru ife.

Mwaka 2012 watafiti wa Singapore na Thailand walipima vivimbe vya wagonjwa wa saratani iliyotokana na mnyoo huyo. Jeni ya TP53 ilikuwa imeharibika katika takriban asilimia 44, na jeni nyingine, SMAD4, katika asilimia 17. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wasio na mnyoo, jeni ya BAP1 huharibika mara nyingi zaidi kuliko kwa wenye mnyoo. Kila chanzo huacha alama yake.

Mirija inapovimba mwaka baada ya mwaka, seli hugawanyika bila kupumzika ili kuziba majeraha, na kila mgawanyiko unaweza kuzaa kosa. Praziquantel, dawa tunayoitumia kutibu kichocho, humuua mnyoo, ila hairudishi jeni iliyokwisha kuharibika. Moto wa jikoni humuua buu kabla hajamfikia mtu. Ulinzi wa jeni hizi uanzie hapo, samaki aive.