Dawa ya barafu: Bili ya ndege inayolipwa na mito

Abiria anayepanda ndege ya Kenya Airways jijini New York mwezi wa Januari huenda akaona, kabla ya safari kuanza, lori lenye mkono mrefu likiimwagia ndege hiyo majimaji moto ya rangi ya machungwa. Huko si kuosha ndege. Ni kuondoa theluji na barafu, kazi ambayo bila kukamilika rubani haruhusiwi kuruka.

Bawa la ndege huundwa liwe laini ili hewa ipite juu yake bila kukatizwa. Utando wa barafu wenye ukwaru kama wa msasa, hata ukiwa mwembamba, waweza kupunguza nguvu ya kuiinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40.

Jijini Washington, Januari 13, 1982, ndege ya Air Florida aina ya Boeing 737 ilimwagiwa dawa, kisha ikasubiri zamu yake huku theluji ikiendelea kuanguka. Dakika 49 zilipita kabla haijaruka. Isitoshe, marubani hawakuwa wamewasha mitambo ya kuzuia barafu kwenye injini. Ndege iligonga daraja na kutumbukia katika mto Potomac. Watu 78 walifariki, wanne kati yao wakiwa kwenye magari darajani. Siku hizi dawa hutumiwa kwa kufuata majedwali ya muda. Muda ukipita, ndege hurudi kumwagiwa upya na bili huongezeka.

Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa maji na glikoli, unaopashwa moto hadi nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Ile ya rangi ya machungwa huyeyusha barafu. Theluji ikiwa bado inaanguka, hufuatwa na nyingine ya kijani, nzito, inayonata juu ya bawa hadi ipeperushwe na upepo wakati wa kuruka. Ndege ndogo yaweza kutumia lita mia chache tu, lakini ndege kubwa, siku ya theluji nyingi, humaliza maelfu ya lita na kugharimu maelfu ya dola. Na dawa ikikosekana, hapana safari: mkesha wa Krismasi mwaka wa 2010, uwanja wa Charles de Gaulle jijini Paris ulipungukiwa na glikoli, mamia ya safari zikafutwa.

Hata hivyo, bili hiyo haionyeshi gharama yote. Sehemu kubwa ya dawa hudondoka chini na, isipokusanywa, husombwa na theluji inayoyeyuka hadi vijitoni. Huko bakteria huila glikoli na, katika kuila, humaliza oksijeni iliyo majini. Samaki hukosa pumzi. Glikoli ni za aina mbili: ya ethilini, ambayo ni sumu kwa binadamu na mifugo ikinywewa, na ya propilini, ambayo sumu yake ni hafifu. Viwanja vingi vimeichagua ya pili. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo inayomaliza oksijeni zaidi. Nafuu ya mnyama wa nchi kavu haikuwa nafuu ya samaki.

Lami ya uwanja nayo ilikuwa ikinyunyiziwa urea, mbolea ile ile ambayo mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia huipanga foleni kuinunua. Ikifika majini, urea hugeuka amonia, ambayo huua samaki.

Shirika la kulinda mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kuwa viwanja vya nchi hiyo hutumia galoni milioni 25 za dawa ya ndege kwa mwaka, yaani takriban lita milioni 95. Mwaka wa 2009 lilipendekeza viwanja vilivyokuwapo vilazimishwe kukusanya dawa iliyotumika. Kanuni ilipotolewa mwaka wa 2012, sharti la kukusanya asilimia 60 liliwekewa viwanja vipya vyenye shughuli nyingi katika maeneo ya baridi. Viwanja vipya ni nadra kujengwa Marekani, kwa hivyo ni vigumu kuona mto gani ulinufaika na sharti hilo.

Vipo viwanja vilivyokwisha kuchukua hatua. Denver hukusanya glikoli na kuisafisha papo hapo uwanjani ili itumike tena. Buffalo, katika jimbo la New York, hupitisha maji yake machafu katika vitanda vya changarawe vinavyopulizwa hewa kutoka chini, ili bakteria wale glikoli humo kabla maji hayajaingia kijitoni.