Safu ya Lugha: Muungano Wima

Magazetini, kiwanda cha mabati kinaponunua kingine cha mabati, huandikwa kuwa huo ni "muungano wima", ilhali wanaouza bidhaa ileile wakiungana, muungano wao ni mlalo. Wima, nduguye "simama", hapa hurejelea ngazi za uzalishaji, kuanzia mgodini hadi sokoni, zinapomilikiwa na kampuni moja. Kwa mfano, Andrew Carnegie, ambaye kiwanda chake cha feleji, yaani chuma cha pua, kilianza kazi Braddock, Marekani, mwaka 1875, baadaye alijipatia hisa katika kampuni ya Frick iliyochoma makaa ya mawe kuwa koki ya kuyeyushia chuma, kisha machimbo ya mawe ya chuma ya Mesabi na hata reli ya kusafirishia mawe hayo. "Ushirikiano" haufai hapo, kwa kuwa washirika hubaki na mali zao, wala "ukiritimba", ambao ni kulihodhi soko.