Je, mnara wa redio ni shabaha halali vitani? Swali hili lilifika Bukoba mwaka 1915

Juni 1915, meli za Waingereza zilitoka Kisumu zikakata Ziwa Victoria kuelekea Bukoba, zimejaa wanajeshi. Walichokifuata hasa ni mnara mmoja: kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani.

Redio ya wakati ule haikupiga muziki wala kusoma habari. Kazi yake ilikuwa kupitisha ujumbe, na Wajerumani walikuwa na vituo vya aina hiyo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Cha Dar es Salaam kilishashambuliwa na manowari ya Kiingereza, Astraea, Agosti 8, 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani.

Bukoba, wanajeshi walishuka Juni 22. Kesho yake mji ukaanguka, mnara ukabomolewa. Kisha wakapora mji.

Sasa, kwa sheria za vita hayo ni mambo mawili tofauti. Mnara ulibeba mawasiliano ya jeshi, hivyo kuuangusha kulikuwa halali. Uporaji ulikuwa umeshakatazwa na Kanuni za The Hague za 1907. Kupata haki ya kuvunja mnara hakumpi askari haki ya kuingia nyumba za watu.

Leo kipimo kiko kwenye Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ambayo Tanzania ilijiunga nayo 1983. Kitu kinapigwa pale tu kinapochangia kweli shughuli za kijeshi, na kukiharibu kunaleta faida ya wazi ya kijeshi kwa wakati huo. La sivyo ni mali ya raia, kiachwe. Mwandishi wa habari naye ni raia, hata akiwa katikati ya vita, mradi hashiriki mapigano.

Ugumu unaanzia hapo. Chukua mnara wa simu juu ya mawe ya Mwanza. Kamanda akiutumia kutoa amri, unaweza kupigwa. Lakini mnara huohuo ndio unaobeba simu ya mjamzito anayeita gari la wagonjwa, na malipo ya mama muuza dagaa pale Mwaloni. Sheria inamtaka mshambuliaji apime kwanza: madhara kwa raia yakizidi mno faida anayoitarajia, aache.

Na kulenga nako ni kazi. Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin ilitumwa kupiga bohari la mafuta Mwanza. Mabomu yakaangukia Saanane, kisiwa cha wanyama, yakaua swala. Bahati tu kwamba hayakuangukia nyumba za watu.

Vipi kituo ambacho kosa lake ni propaganda? Aprili 23, 1999, ndege za NATO zilipiga jengo la televisheni ya taifa ya Serbia mjini Belgrade, wakafa wafanyakazi 16. NATO ilidai mitambo ile ilihudumia pia jeshi. Matangazo yalirudi hewani baada ya saa chache tu. Kamati iliyoundwa na mwendesha mashtaka wa mahakama ya Yugoslavia ilisema mwaka 2000 kwamba kama lengo lingekuwa kunyamazisha propaganda peke yake, uhalali wa shambulio ungetiliwa shaka. Hata hivyo haikupendekeza uchunguzi ufunguliwe.

Kamati hiyohiyo iliweka tofauti moja: chombo kinachotumika kuchochea uhalifu, kama ilivyotokea Rwanda, kinaweza kuwa shabaha halali. Wakazi wa ziwani hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1994 redio RTLM ilihimiza mauaji ya Watutsi hewani, na Mto Kagera ukaleta maiti hadi Ziwa Victoria, watu wakaogopa kula samaki.

Kuipiga kwa bomu haikuwa njia pekee. Jenerali Roméo Dallaire wa Umoja wa Mataifa aliomba mawimbi yake yazibwe. Marekani ilikuwa na ndege ya kazi hiyo, lakini wakubwa wa Pentagon wakasema ni ghali na ina utata wa kisheria. RTLM ikaendelea kutangaza hadi Julai. Waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walitiwa hatiani Arusha Desemba 2003.