Solfa na Meza ya Mchapaji

Katika kwaya nyingi za Afrika Mashariki, solfa, yaani uandishi wa muziki kwa herufi, huhesabiwa kuwa darasa la chini. Mwimbaji huanzia hapo, na akishaiva huhamia kwenye nota za mistari mitano, ambazo ndizo zinazoonekana kuwa muziki wenyewe. Mtazamo huu umezoeleka, lakini historia ya uchapaji haiuungi mkono. Solfa ni mfumo kamili wa kupanga muziki kwenye karatasi. Kanuni zake zilitokana na meza ya mchapaji kama zilivyotokana na darasa la kuimba, na asiyeiona hivyo hawezi kueleza kwa nini ilisambaa, wala kwa nini nakala zake nyingi za siku hizi zinamsumbua msomaji.

Nota za mistari mitano ziliwatesa wachapaji tangu mwanzo, kwa kuwa alama moja hukaa juu ya mistari na nyingine kati yake. Ottaviano Petrucci, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha muziki Venice mwaka 1501, alipitisha karatasi ile ile kwenye mtambo zaidi ya mara moja, ili mistari na nota zikutane mahali pake. Kazi yake ilikuwa safi na ya gharama kubwa. Mwaka 1528 huko Paris, Pierre Attaingnant alichapa kwa mkupuo mmoja, kila kipande cha risasi kikibeba nota pamoja na sehemu yake ya mistari. Bei ikashuka, lakini mistari ikaonekana imekatikakatika. Baadaye wachongaji wa London na Leipzig wakashika uwanja. Walichora mistari kwenye bamba laini la madini kwa chombo chenye meno matano, wakagonga vichwa vya nota kwa mihuri ya chuma, kisha wakachonga mikia na matao kwa mkono, yote yakiwa kinyumenyume kama taswira ya kioo. Kanuni tunazozifuata hadi leo zilikomaa mikononi mwao: nota iliyo chini ya mstari wa kati mkia wake hupanda, iliyo juu yake hushuka. Kanuni yao nyingine huonwa na wachache. Nota ya mapigo mawili haipewi nafasi maradufu ya nota ya pigo moja. Hupewa zaidi kidogo tu, kwa kipimo cha jicho la fundi, ili ukurasa usijae uwazi. Kwenye nota, basi, urefu wa sauti husomwa kwenye umbo la alama, na nafasi husaidia tu.

John Curwen, mchungaji wa Kiingereza aliyeishi kati ya 1816 na 1880, alikuwa na shida nyingine. Alitaka watoto wa shule za Jumapili na watu wa kipato kidogo waimbe kwa kusoma. Aliuchukua mfumo wa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich aliyechapisha kitabu chake mwaka 1835, akaurekebisha kwa miaka mingi. Tazama alichokichagua: herufi d, r, m, f, s, l, t, nukta pacha kutenganisha mapigo, nukta moja kugawa pigo katikati, mkato kwa robo, kistari kwa sauti inayoendelea, mstari wa wima kwa pigo zito. Karibu vyote vilikuwa tayari kwenye kasha la herufi la mchapaji yeyote wa magazeti. Hakuhitaji mchongaji. Mwaka 1863 alianzisha kiwanda chake cha uchapaji, na hata kazi kubwa kama *Messiah* ya Handel zikapata matoleo ya solfa.

Hata hivyo, urahisi wa bei si hoja yangu kuu. Curwen alitaka alama za mapigo zipangwe kwa umbali ulio sawa kwenye mstari, ili muda uonekane kwa macho. Andika *d : r : m : f*, kisha *d : – : m : f*. Katika mfano wa pili *d* inashika nafasi ya mapigo mawili kamili, na jicho linaliona hilo kabla akili haijahesabu. Sauti nne zikipangwa moja chini ya nyingine, nukta pacha zikalingana kutoka juu hadi chini, mwimbaji wa sauti ya nne huona papo hapo kwamba anashikilia sauti wakati wa kwanza anatembea. Alichokiachia mchongaji jicho lake, Curwen alikifanya sheria.

Ndiyo maana mfumo huu ulishika mizizi mahali ambapo hapakuwa na wachongaji. Afrika Kusini, John Knox Bokwe alichapisha tenzi za misheni ya Lovedale kwa solfa mwaka 1885, na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Mmojawapo, alioutunga mwaka 1897, ndio uliotupa sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Kwetu taipureta iliifaa solfa kwa namna ya pekee: kila kitufe husogeza karatasi hatua ile ile, iwe ni *m* nene au *l* nyembamba. Karani aliyepiga stensili ya wimbo wa kwaya, kisha akaidurufu, alipata mapigo yaliyonyooka bila kujua kanuni yoyote ya Curwen.

Wapo watakaosema solfa haiwezi kubeba muziki wa kinanda. Ni kweli, haiwezi, na haikutungwa kwa ajili hiyo. Mpiga kinanda anahitaji kuona vidole vyake vinakwenda wapi, mwimbaji anahitaji kujua sauti yake iko wapi kutoka doh, sauti ya msingi inayoandikwa d. Wengine husema hukwama wimbo unapohama ufunguo. Hapo wanakosea. Kanuni inaagiza herufi mbili kwenye nota ya mpito, ndogo ikionyesha jina lake katika ufunguo wa zamani na kubwa jina lake katika mpya, na zipo *fe* na *ta* kwa sauti zinazopanda au kushuka nusu hatua. Hoja nzito zaidi ni kwamba solfa iliubana muziki wetu ndani ya vipimo vya tenzi za Ulaya, na melodia ikapuuza toni za lugha zenye toni. Ubanaji huo ulitokea, na hasara yake ni halisi. Lakini nota za mistari mitano zilileta vipimo hivyo hivyo. Lawama iwaendee waliochagua tenzi na kutafsiri maneno, si namna ya kuandika.

Siku hizi inasemekana kompyuta imemaliza mjadala, kwa kuwa nota hazina tena gharama ya kuchonga. Programu za nota zimerithi ujuzi wa wachongaji, kuanzia mikia hadi nafasi. Solfa haikupata mrithi wa aina hiyo. Huandikwa kwenye programu ya barua, kwa herufi ambazo *m* hula nafasi kubwa kuliko *f* na *l*. Mstari wa sauti ya pili hukimbia mbele ya ule wa kwanza, na mwandishi hujaribu kuurudisha kwa kubonyeza nafasi tupu. Wimbo hubaki sahihi kwa herufi, lakini muda hauonekani tena. Dawa yake ni nyepesi: herufi za upana mmoja kama za taipureta, au jedwali ambalo kila pigo lina safu yake na sauti zote nne hushuka ndani ya safu hiyo, na maneno yakiwa chini ya pigo yanapoimbwa.