Nani analipia nyumba ya kibarua?

Hapa Hima, Kasese na Bwera, msimu wa pamba au kahawa ukifika kila mtu anauliza kazi iko wapi. Swali la pili ndilo gumu: utalala wapi? Swali hilo ni la zamani.

Miaka ya 1920, maelfu ya watu wa Rwanda na Burundi walitembea kwa miguu mpaka Buganda. Kwao Wabelgiji waliwabana kwa kodi na kazi ya lazima. Buganda kulikuwa na pamba, baadaye kahawa, na mshahara wa pesa mkononi. Mkulima wa Kiganda hakuwa na hela ya kujenga mabweni, basi alimpa kibarua mahali pa kujenga kibanda cha miti na nyasi. Gharama ilikuwa ndogo kwa wote wawili. Wengine walibaki, wakapata kibanja chao na kukilipia, na sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliweka kipimo cha malipo ambayo mwenye ardhi angeweza kudai.

Mashamba makubwa ya miwa, kama Kakira na Lugazi, yalijenga kambi. Hapo kuna hesabu: chumba cha mwanaume peke yake ni rahisi kuliko nyumba ya familia. Mke na watoto wakibaki kijijini wanajilisha kwa jembe lao, na mshahara unaweza kubaki mdogo. Yaani kijiji kinamsaidia tajiri bila kulipwa.

Hapa kwetu tuna Kilembe. Mgodi si shamba, lakini somo ni moja. Reli ilifika Kasese 1956, shaba ikaanza kutoka, kampuni ikajengea wafanyakazi nyumba. Nyumba iliyofungwa kwenye kazi ina shida yake: kazi ikiisha, paa nalo linaondoka.

Kwa hiyo chumba cha bure si bure. Unakilipia kwa mshahara mdogo, au kwa woga wa kudai haki yako. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini ruhusa si paa. Kabla ya kupanda gari la shamba, tuulize: wanakata ngapi? Maji na choo viko wapi? Kazi ikiisha, tuna siku ngapi za kuhama?

Na ninyi wa mashirika, mkihesabu mshahara wa kibarua, hesabuni na usingizi wake.