Duka la Michezo la Hammersmith
Kampuni ya Games Workshop ilianza mwaka wa 1975 katika nyumba ya kupanga mjini London. John Peake alichonga mbao za michezo ya kale, mojawapo mankala, nduguye bao la Waswahili; wenziwe, Ian Livingstone na Steve Jackson, waliziuza kwa posta. Duka hawakuwa nalo, lakini wateja walilifuata mlangoni, hata mwenye nyumba akachoka, akawafukuza. Wawili hao wakalala garini miezi mitatu. Peake alijitenga nao. Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani wa masimulizi na dadu, haukumhitaji mchongaji, na hasara hiyo haitajwi sana. Aprili 1978 duka lilifunguliwa Hammersmith. Wanunuzi walipanga mstari njiani.