Kwa nini mota ya garimoshi hutengwa njiani

KICHWA cha garimoshi la dizeli hakizungushi magurudumu kwa nguvu ya dizeli moja kwa moja. Injini huendesha jenereta, nao umeme unaozalishwa hupelekwa kwa mota zilizofungwa kwenye ekseli. Vichwa vya U26C vilivyoundwa na General Electric ya Marekani, ambavyo Shirika la Reli la Kenya liliviita daraja la 93, vina ekseli sita, kila moja na mota yake.

Mpango huo hujaribiwa vikali magharibi ya Nakuru. Mji huo, uliofikiwa na reli mwaka wa 1900, uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kwenda Eldoret, iliyofika huko mwaka wa 1924, hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa. Kwenye mwinuko kama huo garimoshi lenye shehena hutambaa. Mota huvuta umeme mwingi zikizunguka polepole, na joto hula ganda linalohami nyaya zake.

Ganda likichubuka, au unyevu na vumbi la brashi za kaboni vikijazana ndani, umeme huvuja hadi kwenye chuma cha kichwa chenyewe. Swichi ya ulinzi huhisi mvujo huo, ikakata nguvu na kumpa dereva ishara ya onyo. Dereva anaweza kuirejesha. Ikikata tena, hana budi kuitafuta mota yenye hitilafu na kuitenga. Kuirejesha mara kwa mara ili mlima umalizike ni kuhatarisha mota nzima kwa sababu ya dakika chache.

Kutenga nako kuna gharama. Mota moja kati ya sita ikitolewa, nguvu ya kuvuta hupungua kwa takriban sehemu moja ya sita, na shehena iliyotoka Nakuru vyema huenda isifike kileleni. Hapo huenda mabehewa yakagawanywa na kupandishwa kwa awamu mbili. Tena, swichi hukata umeme tu, haifungui gia. Mota iliyokwama huendelea kuyazuia magurudumu, yakaburutwa juu ya reli hadi yapate ubapa. Ndiyo maana ni lazima mtu atazame chini kuhakikisha kwamba yote yanazunguka.

Karakana nayo ina makosa yake. Nyaya za mota moja zikifungwa kinyume, mota hiyo hushindana na wenzake. Katika vichwa vidogo vya mfano, vinavyoongozwa na kifaa cha elektroniki kiitwacho dikoda, kosa hilo hurudisha kichwa nyuma tu. Linalokiunguza kifaa hicho ni lile lile la mlimani: ncha ya mota kugusa chuma chenye umeme wa reli. Fundi mwangalifu hulipima kwa mita kabla ya kuunganisha waya wowote.